Mkisikia Kelele, Msitoke

Jumanne, 5 Novemba

Leo tumeanza mafunzo ya kujihami. Sisi wasichana sita tunaokwenda chuo kikuu Tegucigalpa mwishoni mwa Januari tumepangwa mstari kwenye uwanja wa saruji wa don Próspero, pale anapoanika kahawa yake, na Profe Ondina, mwalimu wetu, akatuzunguka akitukagua kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Profe alikuwa askari polisi miaka mingi kabla hajarudi hapa Las Quebraditas kumuuguza mama yake. Ana mabega ya mwanamume na sauti ya padri aliyekasirika.

Sikutaka kwenda. Tangu alfajiri nilikuwa shambani nachuma kahawa, vidole vimechanika, na mgongo wangu unajidai una miaka themanini. Lakini Mama amesema wazi, bila mafunzo hakuna chuo. Akina mama wote wa mtaa wetu wamesema hivyohivyo, kana kwamba walikula kiapo, tangu binti wa kina Alvarenga aliporudishwa kutoka mjini ndani ya sanduku mwaka juzi. Huko mjini kuna watu, Mama husema, na hilo neno "watu" hulitamka kama anataja nyoka.

Kabla ya ngumi tumefundishwa kelele. Profe anasema mkono wa msichana hauwezi kumwangusha kila mwanamume, ila sauti yake inaweza kumwita kila jirani. Basi tukapiga kwa pamoja: Hapana! Niache! Hatujafika mbali, don Próspero huyo, anakuja mbio na panga, kiatu mguu mmoja, mbwa wake nyuma. Nyuma ya mbwa doña Tencha na mwiko wake, na nyuma ya doña Tencha nusu ya mtaa. Mzee alikuwa anahema hadi tukamkalisha juu ya gunia.

"Yuko wapi?" akauliza. "Yuko wapi huyo mbwa?"

Mbwa wake mwenyewe alikuwa amekaa pembeni anamtazama. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Asiyecheka alikuwa Marbely peke yake, rafiki yangu, binti wa doña Tencha. Yeye alikwenda kumletea mzee maji.

Alhamisi, 7 Novemba

Majirani wametoka tena, ila wachache. Don Próspero kaja na panga tena, safari hii na viatu vyote viwili.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa padri ametangaza, baina ya ubatizo wa wiki ijayo na mbuzi aliyempotea mtu, kwamba wakisikia kelele za wasichana Jumanne na Alhamisi jioni, wasitoke. Ni mafunzo. Profe ndiye aliyeomba litangazwe, na mchana akapita nyumba kwa nyumba kulirudia. Watu walishukuru. Mama alisema afadhali, maana ameshaunguza maharage mara mbili kwa ajili yetu.

Don Próspero peke yake alinuna. Nilikuwa nimesimama na Profe pale mlangoni kwake.

"Sasa nitajuaje?" akamuuliza. "Nitajuaje ipi ndiyo ipi?"

"Jumanne na Alhamisi, don Próspero. Si hesabu ngumu."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akafunga mlango. Njiani Profe alicheka, akasema wazee wetu hawa wanapenda mapanga yao kuliko wake zao. Nami nikacheka. Kila anachosema Profe siku hizi nakiona kimetoka mbinguni.

Jumanne, 12 Novemba

Manyunyu. Gunia la makapi ya kahawa tunalolipiga ngumi limelowa, limekuwa zito kama maiti. Tumerudi nyumbani.

Alhamisi, 14 Novemba

Marbely hana sauti. Sijui niseme vipi tena. Ngumi anapiga, tena anapiga vizuri kunishinda, goti lake likitua kwenye gunia unalionea gunia huruma. Lakini akiambiwa apige kelele, kinachotoka ni kilio cha kifaranga. Profe alimweka mbele peke yake. Alimwambia sauti iko tumboni, si kooni, aishushe chini huko aifuate. Marbely akafumba macho, akavuta pumzi, shingo ikajaa mishipa. Kifaranga.

Ndivyo alivyo tangu utotoni. Nyumba zetu zinatazamana. Nimekula kwa doña Tencha kama nilivyokula kwetu. Darasani yeye ndiye aliyejua majibu, na mimi ndiye niliyeyasema kwa sauti. Tumekwishapata chumba kule Tegucigalpa, kimoja, vitanda viwili, kwa mjane mmoja anayejuana na padri. Marbely anataka kuwa muuguzi. Ameshashona pazia la kugawa chumba, la maua ya manjano, maana anasema mimi nakoroma na hataki kuniona nikikoroma.

Mtaani hakuna anayetoka tena tukipiga kelele. Doña Tencha amesema leo kwamba zikipigwa yeye anajua ni wakati wa kuweka maharage motoni.

Alhamisi, 21 Novemba

Wanaume wa lori la kununua kahawa wamekaa ukutani wanatutazama. Mmoja mwenye kofia nyekundu, kijana bado, alikuwa anamwigiza Marbely kila akipiga kelele. "Piu, piu. Kifaranga kimemkosa mama." Profe aliwafukuza kwa matusi ambayo sikujua mwanamke anaweza kuyapanga hivyo bila kupumzika. Walikwenda, lakini taratibu, na yule wa kofia alienda kinyumenyume akimtazama Marbely.

Marbely alitembea mbele yangu hadi nyumbani. Mlangoni akaniambia hatapiga tena kelele mbele ya watu.

Jumanne, 26 Novemba

Baridi. Tumechuma mteremko wote wa chini. Nimechoka, naandika ili nisisahau kuandika.

Jumapili, 1 Desemba

Tulikaa na Marbely barazani kwao tukimsaidia doña Tencha kufunga tamale za mahindi kwenye majani ya mgomba. Doña Tencha alikuwa anatuhusia habari za mjini. Msipande teksi peke yenu. Msipokee kinywaji. Msimwambie mtu mnapoishi. Marbely akanikonyeza.

Baadaye akaninong'oneza kwamba amepata dawa. Atakuwa anakwenda uwanjani mapema, kabla wengine hawajafika, ajaribu sauti yake peke yake. Profe mwenyewe kamshauri. Nikamwambia ni wazo zuri. Nikamwambia awaze kitu kinachomkasirisha. Akasema atawaza ninavyokoroma.

Alhamisi, 5 Desemba

Siku njema. Sikwenda mafunzoni kwa sababu Mama alitaka tumalize mistari ya juu kabla mvua haijaangusha buni zilizoiva. Lakini tukiwa tunashuka na vikapu, karibu na kivuko, nikaisikia sauti ya Marbely. Niliijua palepale. Na ilikuwa sauti, jamani! Hapana! Niache! Ilipanda bonde lote, ikarudi kutoka mlimani, ikapigwa tena, na tena. Nilitua kikapu nikapiga makofi.

"Ni nani huyo?" Mama akauliza.

"Marbely. Kifaranga wetu kawa jogoo."

Mama akacheka, akasema sasa yule naye anaweza kwenda chuo. Tukakaa kidogo juu ya jiwe, miguu inatuuma, tukiisikiliza mpaka ikanyamaza. Kesho nitamtania hadi aombe msamaha.

Ijumaa, 6 Desemba

Siwezi.

Jumapili, 8 Desemba

Nitaandika sasa, maana nisipoandika kichwa kitapasuka.

Hapakuwa na mafunzo Alhamisi. Mama yake Profe alizidiwa saa sita mchana, Profe akampakia kwenye gari la jirani kwenda hospitali, akaacha ujumbe kwa wachache aliowakuta. Sisi tuliokuwa mashambani hatukuambiwa. Marbely alikuwa shambani kwa mjomba wake. Akashuka mapema kama alivyopanga, akaenda uwanjani peke yake. Yule wa kofia nyekundu alikuwa nyuma ya ghala, anangoja.

Marbely alifanya yote. Nataka iandikwe mahali, basi naiandika hapa. Alifanya yote aliyofundishwa. Alimpiga goti. Alimng'ata mkono hadi mfupa, polisi wameona damu saruji nzima na si yote ya kwake. Na alipiga kelele kutoka tumboni, mara nyingi, mpaka koo likapasuka. Mtaa mzima ulimsikia. Si kwamba hawakusikia. Kila mtu ninayekutana naye ananiambia alikuwa amesimama wapi alipomsikia.

Don Próspero aliinuka kitini. Alichukua panga. Alifika mlangoni, mkwe wake akamwambia, "Leo Alhamisi, baba," naye akarudi akakaa.

Doña Tencha alikuwa anachoma tortila, chapati zetu za mahindi. Alimwita jirani dirishani, akamwambia, "Mmemsikia? Mwanangu huyo." Alikuwa anajivuna. Aliweka maharage motoni.

Mimi nilipiga makofi.

Alirudi nyumbani kwa miguu yake, peke yake, mkono umevunjika, wakati tortila zinawekwa mezani. Aliyoyafanya yule mwanamume sitayaandika. Lori liliondoka usiku uleule na polisi wanasema wanalitafuta, kwa namna ile wanavyosema polisi.

Miaka miwili tumekuwa tukifundishwa kuogopa Tegucigalpa. Hakuna aliyetuambia tuogope uwanja wa don Próspero saa kumi jioni, umbali wa jiwe la kurusha kutoka mlangoni kwa mama yako.

Jumanne, 10 Desemba

Profe amerudi. Amemzika mama yake leo asubuhi, na baada ya maziko amekwenda kwa doña Tencha akapiga magoti barazani. Doña Tencha hakumfungulia. Nilimwona kupitia dirishani kwetu, yale mabega yote yameanguka. Sikumhurumia. Nilitamani nimrushie kitu.

Jumatano, 11 Desemba

Nimekwenda kumwona Marbely. Amelala. Au wamesema amelala.

Jumamosi, 14 Desemba

Leo ameniruhusu kuingia. Alikuwa ameketi kitandani, mkono kwenye plasta, lile pazia la manjano limekunjwa chini ya mto. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, ingawa njia yenyewe ni kuvuka barabara tu. Yote yakanitoka kichwani. Nikamwambia habari za mavuno. Nikamwambia mistari ya juu ilizaa vizuri.

Alinisikiliza. Halafu akauliza, kwa sauti ya kukwaruza, ndiyo aliyobaki nayo.

"Ulinisikia?"

Ningeweza kusema nilikuwa mbali. Ilikuwa kweli nilikuwa mbali. Lakini huyu ni Marbely.

"Nilikusikia."

"Ukadhani nini?"

"Nikadhani umeshaweza."

Aliitazama plasta yake. Nilisikia doña Tencha jikoni amesimamisha alichokuwa anafanya.

"Nilikuwa nimeweza," akasema Marbely.

Kisha akageukia ukutani, nami nikatoka. Nimelia hadi kichwa kimeniuma, na kulia hakusaidii kitu.

Jumatatu, 16 Desemba

Posada ya kwanza, usiku wa kuanza kuingoja Krismasi. Wengine walitaka mwaka huu tusifanye, padri akasema Mama Maria hakuahirisha safari yake. Tumekwenda kwa mishumaa na sanamu zetu, Yosefu yule aliyevunjika pua na Maria juu ya punda, na kama kawaida nyumba ya kwanza kubishiwa hodi ni ya don Próspero.

Kila mtoto wa hapa anaijua desturi. Walio nje wanaimba kuomba mahali pa kulala. Walio ndani wanaimba kukataa: nendeni zenu, hatuwajui, huenda ni wezi. Nje waombe, ndani wakatae, ubeti baada ya ubeti, na ndipo mwishoni mlango ufunguliwe na kila mtu aingie ale. Kukataa ndiyo raha yenyewe. Don Próspero anasifika kwa kukataa. Hunguruma kama chui ili watoto wachekelee.

Tukabisha hodi. Tukaanza kuimba. Hatujamaliza mstari wa kwanza, mlango ukafunguka wazi na mzee huyo amesimama na kofia mkononi.

Padri akamwinamia. "Bado, don Próspero. Mna beti za kukataa kwanza."

"Mimi sikatai tena mtu, Padri. Ingieni."

Hakuna aliyecheka, hata watoto. Doña Tencha alikuwa amebeba mshumaa, maana alikuja, sijui alipata wapi nguvu za kuja. Alisimama kizingitini akimtazama mzee, nta inamdondokea vidoleni. Kisha akaingia, nasi sote nyuma yake. Nyumba nyingine zote usiku ule zilifanya vilevile. Posada iliisha upesi mno, wala haikuwa nzuri.

Jumanne, 24 Desemba

Torreja, vile vipande vya mkate vya Krismasi, zimechemshwa kwenye asali ya miwa, hakuna aliyezimaliza. Nilimpelekea Marbely sahani. Alikula moja, mbele yangu.

Jumanne, 7 Januari

Profe alikuwa amesema hafundishi tena. Alisema hayo mbele ya mama zetu, amesimama, mikono nyuma kama askari anayesubiri adhabu. Doña Tencha ndiye aliyemjibu. Alisema wasichana hawa watano bado wanakwenda, kwa hiyo watafundishwa. Kisha akasema, "Ila uliloliharibu utalitengeneza. Pita tena mlango kwa mlango."

Profe amepita. Nimemfuata, sikuombwa, nimemfuata tu. Kila mlango alisema maneno yaleyale, bila kujitetea. Mkisikia kelele, tokeni. Jumanne, Alhamisi, siku yoyote. Hata mkijua ni sisi, tokeni. Kufika mlango wa mwisho sauti ile ya padri aliyekasirika ilikuwa imekwisha kabisa, na mimi nikatambua sina hasira naye tena. Sijui ilikwenda wapi. Nilimshika mkono hadi kwake.

Alhamisi, 9 Januari

Wametoka. Don Próspero wa kwanza, na panga, anahema. Yuko wapi? Hayupo, don Próspero, ni sisi. Haya. Akarudi. Tukapiga tena, akatoka tena.

Alhamisi, 16 Januari

Mavuno yanaelekea ukingoni na watu wamechoka. Nilidhani leo hawatatoka. Mkwe wa don Próspero ametoka na mtoto mgongoni, chumvi ya machozi bado shavuni mwa mtoto. Amesema yeye hataki tena kuwa mtu wa kusema leo Alhamisi. Mama ameunguza maharage, akayakwangua, tumeyala hivyohivyo.

Jumamosi, 18 Januari

Marbely haendi. Nilikuwa najua, ila kujua si sawa na kuambiwa. Nilikwenda na hotuba yangu: muhula ujao, mwaka ujao, mjane atatuwekea chumba. Akanisikiliza kwa subira, kama muuguzi. Akasema mtu huyo hajakamatwa na yeye hawezi kulala mahali ambapo hasikii pumzi ya mama yake. Ndiyo hivyo.

Akanipa pazia. Nikakataa. Akasema chukua, utafunika dirisha.

Sikumwuliza kama amenisamehe. Nimemwona mara nyingi tangu siku ile na kila mara swali linafika hadi menoni, ninalimeza. Mtu huwezi kumwomba aliyelemewa akubebee na mzigo wako.

Alhamisi, 23 Januari

Mafunzo ya mwisho. Basi linaondoka kesho alfajiri na begi langu liko mlangoni.

Profe alisema leo kila mmoja apige peke yake. Zamu yangu ikafika. Nilisimama mahali palepale penye saruji iliyosuguliwa ikabaki nyeupe kuliko kwingine, maana hakuna anayekubali kupakanyaga na mimi nilitaka kupakanyaga. Nikaishusha pumzi tumboni. Sikuwa na haja ya kuwaza kitu cha kunikasirisha.

Nikapiga. Bonde likanirudishia. Milango ikafunguka mtaa mzima, don Próspero na panga, mkwe na mtoto, Mama na taulo begani, doña Tencha. Wakaja, wakaniona, wakasimama. Nilikuwa nataka kusema ni mimi tu, jamani, rudini. Ndipo nikaona watu wanapisha.

Marbely alikuwa anakuja mbio. Hajakanyaga uwanja huu tangu siku ile, hata barabara huwa haivuki. Alikuwa peku, mkono wa plasta umebanwa kifuani, na kwa mkono mzima ameshika mchi wa kutwangia mahindi, unga bado umeganda vidoleni. Hakusimama ukingoni walikosimama wengine. Alifika hadi mbele yangu, akanikagua kutoka kichwani hadi miguuni, akatazama nyuma yangu, nyuma ya ghala, kote. Kisha akateremsha mchi.

"Nimekusikia," akasema.

Akageuka, doña Tencha akamshika begani, wakarudi nyumbani wawili. Sisi wengine tukabaki tumesimama pale, hakuna aliyejua aanze kuondoka vipi. Mtaa mzima ulinuka maharage yanayoungua, na hakuna aliyekimbilia kuyaepua.